Alama Shingoni mwa Chiriku

Dobi huyu alikosa mengi. Hakuwa na mke tena. Homa ilimchukua kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kukausha koti zito. Hakuwa na mama, wala dada, wala shangazi wa karibu wa kumuuliza nywele za mtoto wa kike zinafungwaje zisimvute. Hakuwa na kiti cha pili. Hakuwa na saa, hivyo alisoma wakati kwenye kivuli cha nguzo ya umeme iliyosimama mbele ya mlango wake, nguzo ambayo nayo haikuwa na umeme. Hakuwa na usingizi wa kueleweka. Hakuwa na maneno ya kubembeleza. Mtoto akilia, alimtajia bei za kufua na kunyoosha kwa sauti ya chini mpaka anyamaze. Na kubwa kuliko yote, hakuwa na namna ya kumfanya binti yake aache kujikuna.

Alichokuwa nacho ni mkono. Mtaa mzima ulimwita Mstari, kwa sababu ya mstari aliouweka kwenye suruali za watu. Mwenye suruali angekaa, angeinama, angenyeshewa, na mstari ungebaki pale pale. Walimtania kwamba ukiishiwa kisu nyumbani, vaa suruali ya Mstari ukatie mkate.

Alikuwa na chumba cha mbele cha kazi na chumba cha nyuma cha kulala, na katikati pazia. Kazini alikuwa na taratibu zake. Kufua kulikuwa kufua, kunyoosha kulikuwa kunyoosha. Kila kazi ilikuwa na sehemu yake na bei yake, na mteja aliyezichanganya alisahihishwa papo hapo.

"Mstari, nifulie shati hili."

"Kufua tu, au na kunyoosha?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Kama ni kitu kimoja, livae linavyotoka kwenye kamba, halafu nenda kapose mke."

Siku za mkewe, ni mke aliyenyunyizia. Alisimama upande wa pili wa meza na bakuli, akachovya vidole na kuyarusha maji juu ya nguo kabla pasi haijafika. Maji yale aliyachanganya mwenyewe: mafuta ya maua kutoka kwa muuza manukato, matone machache, na kitu kingine ambacho hakuwahi kumwambia mumewe. "Nikikuambia utaniacha," alimtania. Vidole vyake vilinukia maji yale, nywele zake vilevile. Alipofariki aliacha madumu mawili yamejaa, yamewekwa chini ya meza nyuma ya gunia la mkaa. Mstari aliwatangazia wateja kwamba maji ya kunukia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Aliyatunza kwa ajili ya nguo za mtoto peke yake.

Mtoto huyo walimwita Chiriku, kwa kuwa hakunyamaza. Alikuwa hajafikisha miaka mitatu na alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Ngozi yake ilikuwa kavu tangu kuzaliwa, ila mama yake alikuwa akimpaka mafuta na kumvalisha vifulana vilivyolegea kwa kufuliwa mara nyingi. Mama alipoondoka, baba aliapa kwamba hakuna mtu atakayemtazama mtoto yule barabarani na kujua kwamba hana mama. Alivitupa vifulana. Alimshoneshea magauni ya pamba safi, yenye kola na mikono ya vifungo, akayapikia wanga mzito, akayanyunyizia yale maji, akayapiga pasi mpaka yakasimama. Gauni la Chiriku ungeweza kuliweka sakafuni likakungoja.

Ndipo ngozi ilipowaka. Ilianza mashavuni, ikashuka shingoni, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na nyuma ya magoti. Mtoto alijikuna akicheza, alijikuna akila, alijikuna amelala, mpaka kucha zikawa na damu.

Zahanati kulikuwa na muuguzi mwenye sauti ya kukwaruza na macho yasiyopitwa na kitu. Alimgeuza Chiriku huku na huku.

"Hii ni pumu ya ngozi, baba. Wengine wanaiita ukurutu. Haiambukizi, na haitokani na uchafu, kwa hiyo usimsugue kama sufuria. Unamwogesha kwa maji gani?"

"Ya moto, dada. Yaue vijidudu."

"Unamchemsha? Maji ya uvuguvugu, muda mfupi, umtoe. Sabuni isiyo na harufu, tena pale penye uchafu tu. Ukimfuta, mguseguse na taulo, usimkwangue. Ngozi ikiwa bado ina unyevu, hapo hapo mpake mafuta ya mgando, yale yasiyonukia. Mengi! Usimfanyie ubahili. Kucha zikate. Nguo za kulegea, laini, za pamba. Hii krimu ndogo ni ya pale palipowaka, kidogo tu, kama nilivyoandika. Na manukato ya aina yoyote, mwiko."

"Na nguo nizifue na nini?"

"Sabuni isiyo na harufu. Suuza sana."

Mstari aliipokea kazi ile kama ufundi mpya. Maji ya kuoga aliyapima kwa kiwiko. Taulo aliligusisha kwenye ngozi ya mwanawe kwa upole ambao wateja wake wasingeuamini. Alimpaka mafuta akiwa bado anang'aa kwa maji, kuanzia kisogoni hadi nyayoni, na Chiriku alimsimamia: "Na hapa, baba. Umesahau hapa. Na huyu kidole." Nguo zake alizifua kwa sabuni ya mche isiyonukia, akazisuuza mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia.

Mashavu yakatulia. Nyuma ya magoti pakatulia. Lakini shingo haikutulia, wala vifundo vya mikono, wala kiuno. Pale palibaki pete nyekundu, zimevimba kidogo, kama za mtu aliyeshikwa kwa nguvu akaachiwa muda huu huu.

Ni pete hizo alizoziona mama mkwe.

Alikuja mchana mmoja bila kutanguliza habari. Alikuwa amepika katika shule ya bweni maisha yake yote, na alisema na kila mtu kana kwamba mbele yake kuna ukumbi mzima wa watoto wenye sahani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda, mpaka pasi imekuzidi. Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Amelala, Mama."

"Simwamshi. Namwangalia tu."

Akapita nyuma ya pazia. Mstari aliendelea kunyoosha shati la mteja, akingoja sauti ile kubwa imwite. Haikumwita. Kimya kilipozidi aliiweka pasi juu ya kigae, akaingia.

Chumba kile kilikuwa na paa la bati na dirisha dogo, na saa nane mchana joto lake liliweza kuuivisha unga. Chiriku alikuwa amelala chali ndani ya gauni lake la kola, anatoka jasho, mdomo wazi. Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya kitanda, mkono mmoja mdomoni.

"Unaisikia?" aliuliza kwa sauti ambayo Mstari hakujua kuwa anayo.

"Nini, Mama?"

"Harufu ya mwanangu."

Mstari akavuta pumzi. Ilikuwa kweli. Mezani kwake harufu ile siku zote ilikuja imechanganyika na moshi wa mkaa na mvuke, ikapita. Hii ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa na joto la mwili ndani yake. Ilikuwa shingo ya mkewe jioni, amemaliza kazi, amekaa karibu. Haikutoka upande wa mlango wala wa dirisha. Ilitoka kitandani alipolala mtoto.

Mama mkwe aliikunjua kola taratibu kwa kidole. "Angalia. Na hapa mkononi. Na huku. Hivi ndivyo anavyoshikwa mtoto anayeponyoka." Machozi yalimtiririka, na uso wake, Mungu amsamehe, ulikuwa kama wa mtu aliyepokea mgeni. "Hajaenda. Mwanangu hajaenda. Yuko hapa na mwanawe."

Chiriku, katika usingizi, alitabasamu, akapeleka mkono shingoni, akajikuna.

Waliporudi chumba cha mbele, bibi alikaa kwenye kile kiti kimoja, akajifuta uso kwa upindo wa nguo.

"Nimefurahi na nimeogopa," alisema. "Marehemu akimng'ang'ania mtoto kiasi hiki, mwisho wake huondoka naye."

"Mama, muuguzi amesema ni pumu ya ngozi."

"Muuguzi ameisikia hiyo harufu?"

Mstari aliinua pasi kutoka kwenye kigae, akairudisha.

"Basi. Mvua zikiisha nitakuja na mjomba wake kumchukua. Atakaa kwangu. Nina mashuka ya mama yake, yale uliyoyanyoosha wewe mwenyewe mlipooana, sijayakunjua hata siku moja. Nitamlaza humo, apate faraja ya mamaye. Ila chumba kile alichofia mwanangu, mtoto hakai tena."

"Ni mwanangu, Mama. Nina yeye tu."

"Na mimi nilikuwa na nani?" Akanyanyuka, akachukua kapu lake. "Sikulaumu, baba. Unamtunza. Ila kuna mikono huwezi kushindana nayo."

Tangu siku hiyo Mstari akaanza kukiogopa kivuli cha nguzo. Kikisogea mahali fulani kwenye ukuta wa jirani, alijua mtoto amelala, joto limepanda, na nyuma ya pazia kuna mtu. Hakuona kitu. Hakusikia nyayo. Lakini alipoinua pazia, harufu ilikuwa imefika kabla yake, nzito pale karibu na mto, nyepesi huku mlangoni, kama inavyokuwa mtu anapokaa kitandani na kuinamia. Mara nyingine aliusikia mkwaruzo wa kucha na hakuwa na hakika ni kucha za nani. Mara moja alikuta mtoto yuko macho, anazungumza na ukuta.

"Unaongea na nani, Chiriku?"

"Na mama."

"Anasema nini?"

Mtoto alifikiri. "Anasema kuna joto."

Mteja akiita mbele, Mstari alitoka akili ikiwa bado nyuma ya pazia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi aliunguza shati la mtu. Alama ya pasi ilibaki mgongoni, ya kahawia, ncha yake juu. Mwenye shati alilishika, akalitazama.

"Mstari, hili ni shati au ni bendera?"

"Nitakulipia."

"Sitaki unilipe. Nataka kujua nani amekufa."

Siku moja joto lilipokuwa limezidi, alipiga magoti kando ya kitanda. Chiriku alikuwa amejikuna shingo mpaka ngozi imepasuka, na kola ilikuwa na doa. Mstari hakuwa mtu wa kuzungumza na hewa, lakini alizungumza.

"Mwache," alisema. "Najua umemkumbuka. Na mimi nimekukumbuka, mpaka nikinyoosha nguo nasogea pembeni nikupishe. Lakini unamuumiza, mama Chiriku. Tazama shingo yake. Unamshika kwa nguvu. Mwachie."

Harufu haikuondoka. Alingoja, akainamisha kichwa karibu na kifua cha mtoto, akaivuta yote aliyoweza. Aliona aibu kwa jinsi alivyoifaidi.

Kisha mvua zikaja kwa hasira. Nguo hazikukauka kwa juma zima na zaidi, mkaa ulilowa gunia zima, na pasi ikawa chuma baridi. Magauni ya Chiriku yalibaki kwenye kamba ndani ya nyumba yakidondosha matone. Mama Pacha, jirani aliyemwangalia mtoto Mstari anapokuwa na kazi nyingi, alipiga kelele toka mlangoni.

"Huyu mtoto mbona uchi?"

"Nguo zake hazijanyooshwa."

"Hazijanyooshwa! Kwani anakwenda kuapishwa? Nipe hapa." Akamvisha fulana ya mmoja wa mapacha wake, kuukuu, imepauka, imelegea mpaka magotini. "Wangu wamekulia humu, na hakuna aliyekufa kwa kukosa mstari."

Chiriku alijitazama. "Laini," akasema, akakimbia.

Aliishi ndani ya fulana za mapacha muda wote wa mvua. Mstari aliendelea na kazi yake ya uvuguvugu na mafuta, na siku moja alipomvua ili amwogeshe, aligundua kwamba anatazama shingo ya mtoto kama shingo nyingine. Pete imefifia. Vifundo vya mikono vimepauka, ngozi imejifunga. Saa nane mchana aliingia nyuma ya pazia. Mtoto alikuwa amelala, mikono kaitupa huku na huku, hajikuni. Mstari alivuta pumzi. Alisikia mafuta ya mgando, bati lililolowa, na maziwa.

Hakuna kingine.

Angepaswa kushukuru. Badala yake alikaa sakafuni akahisi baridi imemwingia. Amenisikia, alijiambia. Nimemfukuza mke wangu nyumbani kwake, naye ametii. Jioni hiyo alimweleza Mama Pacha, kwa kuwa hakuwa na mwingine.

"Sasa unalia nini?" jirani aliuliza, akipepeta mchele. "Ulitaka aondoke, ameondoka. Mwandikie mama mkwe, mwambie marehemu ametulia, mambo yaishe. Mtoto anabaki."

"Sina hakika kama ametulia au amekasirika."

"Wanaume bwana. Hata maiti mnataka iwafurahie."

Jua liliporudi, Mstari alikesha na kazi za watu, na alipomaliza alinyoosha nguo za mwanawe. Siku ya kurudi zahanati ilikuwa imewadia na hakutaka muuguzi amwone Chiriku ndani ya fulana kuukuu. Alichagua gauni jeupe. Alilipikia wanga, akachovya vidole kwenye bakuli, akarusha, akapiga pasi. Mtoto alilalamika alipokuwa anafungwa vifungo: "Linauma, baba." "Ni la kutokea, mama. Vumilia."

Benchi la zahanati lilikuwa juani. Walikaa kati ya mwanamke mwenye mtoto mchanga na mzee mwenye mguu uliofungwa. Foleni haikusogea. Chiriku alisinzia kifuani mwa baba yake, na jua likawapasha wote wawili. Ndipo harufu ilipopanda.

Mstari aliganda. Haikuwa chumbani sasa, nyuma ya pazia, mahali alipofia. Ilikuwa barabarani, mchana, mbele za watu. Mkewe amemfuata mpaka huku. Alitazama kushoto na kulia, akatazama mlango wa zahanati, na kama angemwona mkewe amesimama pale na bakuli mkononi asingeshangaa. Mzee wa mguu alivuta pua, akasema, "Pananukia vizuri hapa leo." Kwa hiyo na wengine walimsikia. Mstari akamkumbatia mtoto kwa nguvu, na mtoto akaamka analia, anajikuna shingo.

Muuguzi aliwaita. Alimpokea Chiriku mikononi, na kabla ya kumweka mezani akarudisha uso nyuma.

"Huyu ni mgonjwa au bibi harusi? Nani kampaka manukato?"

"Ni mama yake," Mstari alisema.

"Mwambie mama yake nilikataza."

"Amefariki, dada. Mwaka jana."

Muuguzi alimlaza Chiriku mezani. Hakucheka. Aliifungua kola, na chini yake pete ilikuwa imerudi, nyekundu, mbichi. Akaugonga ukingo wa kola kwa ukucha, ukalia kama kibao.

"Baba, na hii nayo ni nini? Nilikuambia nguo laini."

"Ni pamba tupu. Hakuna pamba bora kuliko hiyo."

"Unaifua na nini?"

"Sabuni ya mche. Bila harufu. Nasuuza mpaka maji yanakuwa meupe. Kwa kufua, dada, huwezi kunikuta na kosa."

"Sasa harufu imetoka wapi?"

Mstari alifungua mdomo kujibu kama alivyojibu mamia ya wateja, kwamba ya kufua ni ya kufua na ya kunyoosha ni mengine. Maneno yalimfika kwenye meno yakasimama. Alilivuta gauni kutoka mgongoni mwa mtoto, akaliweka puani. Akalipeleka mbali. Akalirudisha. Mtoto akiwa baridi harufu ililala ndani ya nguo. Akipata joto iliamka. Wakati wa mvua hapakuwa na pasi. Hapakuwa na wanga. Hapakuwa na mtu.

"Ni ya pasi," alisema. "Uliniuliza kufua. Hukuniuliza kunyoosha."

"Nisingejua kuuliza," muuguzi alisema taratibu. "Sijawahi kumwona mtu anayemtia mtoto wake wanga."

Alimvua Chiriku gauni, akampaka mafuta, akamfunga kwa kipande cha shuka laini la zahanati. Mstari alikunja gauni kwa mikunjo yake ya kawaida kwa sababu mikono ilifanya hivyo yenyewe, akabaki amelishika. Alikuwa amejua harufu ile inatoka wapi tangu siku ya kwanza. Aliinyunyiza mwenyewe. Na bado kila mchana alipiga magoti akiomba iondoke, na aliogopa isije ikaondoka.

Nyumbani aliyaloweka magauni yote. Wanga uliteleza vidoleni, maji yakawa ya maziwa, na mkewe alipanda kutoka kwenye karai kwa mara nyingine. Aliyamwaga, akaweka mengine, akamwaga tena. Yalibaki madumu. Moja lilikuwa bado halijaguswa.

"Nipe mimi," Mama Pacha alisema mlangoni. "Wangu ngozi zao kama za kiboko."

"Chiriku kutwa nzima yuko mapajani mwako."

Mama Pacha alimtazama Chiriku. Kisha akamsaidia kubeba.

Waliyamwaga mtaroni, mbele ya mlango, mchana jua likiwa kali. Harufu ilinyanyuka kwenye saruji yenye moto, ikashuka na mtaro, ikapita mbele ya duka la fundi baiskeli, mbele ya mashine ya kusaga, mbele ya watu waliokaa vizingitini. Watu waliinua vichwa. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo aligeuka akatazama nyuma, kama aliyeitwa. Fundi baiskeli alipaza sauti: "Mstari! Leo mtaa umeoga?" Mstari hakujibu. Alisimama akiitazama ile njia ya maji mpaka ilipopinda kwenye kona, na alikuwa na hakika, ingawa sasa alijua kila kitu, kwamba kuna mtu anakwenda zake na hageuki. Jioni hapakuwa na kitu. Alizunguka chumba kizima akinusa mto, pazia, ufa wa dirisha. Usiku wa kwanza wa msiba haukuwa mtupu kama jioni ile.

Chiriku alilala ndani ya fulana kuukuu, hajikuni.

Ilibaki barua. Mama mkwe aliamini kilichoandikwa, hakuamini kilichotumwa kwa mdomo. Mvua zilikuwa zimekwisha, na mjomba alikuwa mtu wa kusubiri kuambiwa "twende" tu.

"Mwandikie ametulia," Mama Pacha alirudia. "Maneno mawili. Atalia, atashukuru, atakuachia mtoto. Ukimwambia ni wewe na pasi yako, si atakuja mbio? Atasema, kumbe baba ndiye aliyekuwa anamchubua."

"Najua."

"Sasa?"

"Ana mashuka kule. Niliyanyoosha mimi, kwa maji yale yale. Mtoto akienda hata kusalimia, atalazwa humo."

Mama Pacha alimsogezea kalamu.

Mstari aliandika mezani kwake, juu ya blanketi la kunyooshea, Chiriku amekaa chini akimhubiria mdoli wa kitambaa. Neno lililomchelewesha halikuwa lile la kosa lake. Aliandika kosa lake moja kwa moja, wanga, maji, pasi, bila kujipendelea. Aliandika namna ya kumwogesha: uvuguvugu, muda mfupi, kumgusagusa na taulo, mafuta kabla ngozi haijakauka, na kwamba Chiriku hudai kila kidole kipakwe peke yake. Aliandika kwamba yale mashuka yasimguse mtoto. Kilichomshinda ni kumwambia mama kwamba mchana ule, alipolia akitabasamu, chumbani hapakuwa na mwanawe. Alishika kalamu muda mrefu. Alijua ladha ya alichokuwa anamnyang'anya, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amekitapika jana yake.

Mwishowe aliandika:

*Mama, haikuwa mikono yake. Ningependa kukuambia vinginevyo. Nilikisikia ulichokisikia, nikakiamini, nikapiga magoti. Ilikuwa nguo. Ukiamua kuja kumchukua kwa sababu hii, sitafunga mlango, lakini nitakuomba unisikilize kwanza. Njoo bila mjomba. Njoo ukae nasi siku utakazotaka, umwogeshe wewe, uone ngozi yake kwa macho yako. Nitatafuta kiti cha pili. Mashuka yale ni yako, yalaze karibu nawe, unayo haki. Mtoto tu ndiye asiyeyaweza.*

Posta, karani alikuwa msichana mwenye kalamu sikioni. Chiriku, begani mwa baba yake, alimwambia kwamba kalamu yake itaanguka. Mstari aliisoma barua tena akiwa amesimama, mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa.

"Kaka, unatuma au unakariri?"

"Natuma."

"Basi funga. Watu wanangoja."

Alilamba gundi. Aliukunja mfuniko wa bahasha, akaubana kwa dole gumba toka pembe moja hadi nyingine, akaisukuma chini ya dirisha. Msichana aliipima kwa mkono, akabandika stempu, akagonga muhuri, akaitupa nyuma yake bila kutazama, ndani ya gunia lililokuwa wazi.